Ugiriki kwa Treni ya Chini

Pesa ya ndege ilikuwa imetimia, Mbarouk,
dola juu ya dola ndani ya kopo la maziwa,
ndipo daktari wa meno akamfunua Thureya kinywa
akatikisa kichwa kama fundi aliyeona ufa kwenye msingi.
Basi Athene yetu ikaingia mdomoni mwa mtoto,
nyaya juu, nyaya chini,
nasi, mwaka wa ishirini wa ndoa,
tukashuka kituo cha Pape.
"Ugiriki ni hii hii," ulisema. "Imekosa bahari tu."

Agosti. Danforth imefungwa magari,
bendera za buluu na nyeupe kama sare za shule kambani,
na moshi unatufuata sisi, si wengine.
Moshi humjua mwenye njaa.

Mama mmoja nyuma ya makaa,
kipepeo cha kadibodi, mkono hautui.
Mishikaki! nikasema. Jamani, mishikaki,
imebadili jina ikapata uraia.
"Ya nguruwe?"
"Ya kuku ipo," akajibu, wala hakuuliza kwa nini.
Akakamulia ndimu, akaviringisha kwenye mkate wa moto,
mtindi na tango vikakutiririka hadi kiwikoni
na wewe, msimamizi wa ghala, na tai yako,
ukajilamba mkono barabarani.
Dola saba.
Sijawahi kukupenda kwa bei rahisi kama ile.

Mbele kidogo, sufuria ya mafuta,
na ndani yake, nakuapia, kaimati.
Kijana akataja jina lake refu la Kigiriki,
nami nikalisikia la kwetu ndani yake,
limevaa koti la baridi.
Tukafungiwa kiboksi cha mtoto.

Kisha ule mkahawa ulioutaka tangu Machi:
kitambaa cheupe, mwanga wa kutafutia uma,
bei zimeandikwa bila alama ya dola,
kama ugonjwa usiotajwa mbele ya watoto.
Pweza akaletwa. Yaani mkono wake mmoja,
umejikunja kwenye sahani pana kama kiwanja.
Thelathini na nane.
"Ile saba mingine anayo nani?" ukauliza.
Mhudumu hakucheka.

Lakini alikuwa laini, Mbarouk.
Laini kama wa Wete, wa kupigwa jiweni
mpaka mpigaji asahau alikuwa na hasira na nani.
Nikasema kwa sauti: aliyempiga huyu ni mtu wa pwani.
Mlango wa jikoni ukafunguka,
akatoka mwanamume mfupi, aproni imelowa,
Byamungu, jina limetariziwa kifuani.
"Nasikia munasema Kiswahili.
Mama, minatoka Uvira. Ziwa nalijua.
Bahari siyaionaka hata siku moja.
Huyu nyama, mara ya kwanza, nilimukimbia."
Alifundishwa na mwenye mkahawa, mzee Stavros,
yule pale kwenye kaunta, anayehesabu risiti,
aliyetoka kisiwani kwao na miaka tisa
na kila mwaka husema, mwaka ujao.
Nikawatazama, nikakutazama,
mpishi, tajiri, walaji:
chumba kizima cha Ugiriki,
na aliyefika akiwa mtu mzima hayupo.

Bili ililetwa ndani ya jalada la ngozi.
Ukaihesabu mara mbili, midomo ikicheza kama ya mwenye kunuia,
ukalipa, ukaacha na bakshishi,
kisha ukaniambia kwenye ngazi za stesheni
kwamba bado una njaa.

Thureya hakuwa amelala.
Kaimati zilikuwa zimepoa, shira imeganda pembeni mwa boksi,
na daktari alishakataza vyote vinavyonata.
Akala moja kwa meno ya mbele, polepole, kama sungura.
"Haya, Ugiriki kukoje?"
Ukaanza na pweza, ukamwigiza mhudumu,
mgongo umenyooka, kitambaa mkononi,
mtoto akacheka mdomo wazi chini ya taa ya jikoni,
na pesa yetu yote ya ndege
ikametameta.